Mita ya Mbele

Kwamba Mama Pasi alikuwa na ulimi, mtaa mzima ulijua. Lakini siku shemeji yake aliposimama mlangoni, akakohoa kidogo kama mtu anayefungua mkutano, akatangaza kwamba Jumapili familia itakaa kikao na kwamba kinachozungumzwa ni meza yake ya kupigia pasi, ulimi ule uligoma. Alibaki na pasi mkononi mpaka alipoanza kusikia harufu ya kitambaa kinachoungua.

"Rudia," alisema, akiinyanyua pasi haraka.

"Nimesema kikao, shemeji. Dada Mkubwa anakuja. Tutazungumza kiungwana juu ya chumba hiki cha mbele na haya matumizi ya umeme."

"Matumizi ya nani?"

"Kwa hiyo basi," alisema shemeji, "mita inajieleza yenyewe."

Shemeji huyu hakuwa mbunge wala diwani, wala hakuwahi kuongoza chochote zaidi ya mazishi mawili. Mheshimiwa walimwita kwa sababu ya kikohozi chake na ile "kwa hiyo basi" yake, ambayo aliitumia hata anapoagiza chai. Nyumba waliyokaa iliachwa na baba yake kwa wanawe wawili wa kiume. Mkubwa, aliyekuwa fundi wa kupaka rangi, alichukua vyumba vya mbele, akafa humo, akamwachia mkewe vyumba vile na meza ndefu aliyoitandikia blanketi. Juu ya meza ile mjane alinyoosha makoti ya madaktari, mashati ya wahudumu wa hoteli na sare za wanafunzi, asubuhi mpaka jioni, dirisha likiwa wazi. Mheshimiwa, mdogo mtu, alikaa vyumba vya nyuma na mkewe, Mama Barafu, aliyekuwa na friza mbili kubwa kama majeneza na wateja wasiokauka.

Katikati ya pande hizo mbili kulikuwa na ukumbi mwembamba, na ukutani sanduku la mbao lenye kioo. Ndani ya sanduku zilikaa mita mbili, bega kwa bega. Chini ya moja palipakwa rangi ya buluu, kwa herufi nzuri za fundi: MBELE. Chini ya nyingine: NYUMA. Ufunguo wa kufuli la sanduku ulining'inia kwenye mkanda wa Mheshimiwa. Umeme si mchezo, alisema, na hakutaka kukuta mkono wa mtu mle. Bili zikija alizipokea yeye, akalinganisha namba iliyoandikwa juu ya kila karatasi na namba ya mita, akagawa: hii ya mbele, hii ya nyuma. Kisha alivaa miwani na kusoma mita kwa sauti. Ya mbele aliisoma kama anatangaza maafa. Ya nyuma aliipitia kwa mnong'ono.

Na sasa alitaka meza itoke. Chumba cha mbele, alisema, kingewafaa zaidi kwa duka la barafu, na shemeji angepewa kile chumba kidogo karibu na choo, "apumzike." Mama Pasi hakuwa na haja ya kupigiwa hesabu. Bila dirisha la barabarani hakuna mteja, bila mteja hakuna pasi, na mjane asiye na kazi katika nyumba ya wakwe huwa mgeni, hata kama kuta zilipakwa rangi na mumewe mwenyewe.

"Kapumzike wewe," alimwambia, lakini Mheshimiwa alikwisha kugeuka.

*

Hasira ikikosa mwenyewe hutafuta wa karibu. Wa karibu alikuwa msoma mita, aliyeingia kesho yake akiwa na mkoba begani na kofia ya shirika. Mama Pasi alimzibia ukumbi kwa mwili wake wote.

"Kumbe ndiye wewe."

"Ndiye mimi nani, mama?"

"Unayeniandikia umeme wa kiwanda. Mimi mtu mmoja, pasi moja, taa mbili! Unakaa wapi ukayatunga haya? Baa?"

Msoma mita aliushusha mkoba taratibu. "Mama, kwenye kazi hii nimeshaumwa na mbwa watatu, na wote watatu walinipa nafasi ya kusema kwanza."

Mama Pasi akasogea nusu hatua. "Sema."

"Siandiki la kichwani. Naandika linaloonekana pale. Hebu soma mwenyewe ile ya mbele."

Akaisoma kupitia kioo, kidole hewani, tarakimu moja baada ya nyingine kuanzia kushoto, mpaka ile ya mwisho iliyokuwa ndani ya kidirisha chekundu.

"Hiyo nyekundu iache," alisema msoma mita. "Hayo ni makombo ya uniti, hayaingii kwenye hesabu. Ukiyaunganisha na zile nyingine, nyumba hii itaonekana inaendesha treni."

"Shemeji yangu huisoma na hiyo. Tena kwa sauti."

"Basi kila mwezi anakuongezea mara kumi kwa mdomo. Namba hizo pia hazirudi nyuma wala hazianzi upya mwezi ukianza. Zinapanda tu tangu mita ilipofungwa. Ukitaka kujua umetumia nini, chukua ya leo, toa ya mwezi uliopita. Mtu akikwambia yuko wapi bila kukwambia ametoka wapi, huwezi kujua amekwenda umbali gani."

Mama Pasi alianza kuchekelea. Alishamwona Mheshimiwa akiumbuka mbele ya Dada Mkubwa na kidirisha chake chekundu. Lakini msoma mita alitoa daftari lenye namba za mwezi uliopita, akamfanyia hesabu pale pale, ya mbele kisha ya nyuma, na kicheko kikamkauka. Hata baada ya kuacha makombo, mita ya mbele ilikuwa imekula mara nne ya ile ya nyuma.

"Unaona hiki kisahani kinachozunguka chini ya namba?" aliuliza msoma mita, kama mtu anayetafuta neno la kumfariji. "Chenye alama? Kikizunguka, kuna kitu kinakula. Zima kila kitu chako, chomoa na nyaya, kitasimama."

"Na kisiposimama?"

Msoma mita alivaa mkoba wake. "Basi mama, kuna mtu anakula kwenye sahani yako."

*

Siku hiyo Mama Pasi hakupiga pasi, wala iliyofuata. Wateja walikuja dirishani wakakuta makoti yamekunjamana kama yalivyoletwa. Muuguzi mmoja alilalamika. Akaambiwa kama ana haraka avae hivyo hivyo, wagonjwa hawaangalii mikunjo. Mama Pasi alichomoa redio. Alichomoa feni. Mwishowe alipanda kiti akafungua hata balbu, akaziweka zote mbili mezani kama mayai.

Kila alipopita ukumbini alichungulia kioo. Kisahani cha mbele kilizunguka. Kilizunguka kwa raha zake, alama ikija na kwenda, ikija na kwenda, kama mtu anayemzomea. Cha nyuma kilikuwa kimetulia tuli. Alikiona kimetulia na hakukitia maanani, maana macho yake yalikuwa kwa mwizi, na aliamini amekwisha kumjua mwizi huyo.

Jumapili asubuhi Mheshimiwa alipotoka kwenda kumpokea Dada Mkubwa kituoni, Mama Pasi alivuka ukumbi akapiga mlango wa nyuma kwa kiganja.

"Toka nje, mwizi wa umeme!"

Mama Barafu alitoka na ndoo mkononi, kanga imefungwa kifuani, uso bado una usingizi. "Unaniita mimi?"

"Kuna mwizi mwingine huko ndani? Toa waya wako kwenye mita yangu!"

"Waya gani? Umeamka vibaya wewe! Mimi natafuta riziki yangu kwa jasho..."

"Kwa barafu!"

"...kwa jasho la barafu, basi! Tangu lini nikakuibia? Umeshindwa kubana matumizi, sasa unatafuta mchawi. Nionyeshe huo waya. Nionyeshe niumeze!"

"Utaumeza."

Waliutafuta pamoja, wakitukanana. Walisogeza kabati la Mama Pasi, mmoja huku mmoja kule, wakihema. Walifuata ukuta kwa vidole kutoka mbele mpaka nyuma. Mama Barafu alipanda juu ya friza yake mwenyewe ili mwenzake ajiridhishe na dari. Waya haukuwepo. Palikuwa na buibui, na kiatu kimoja cha marehemu ambacho Mama Pasi alikisukuma kando kwa mguu.

"Haya," alisema Mama Barafu, akijipangusa vumbi. "Niombe radhi."

"Sikuombi."

"Niombe radhi, nakwambia, kabla dada hajafika nikamweleza ulivyonivunjia heshima!"

Mama Pasi alikuwa ameingia chumbani, akatoka na bisibisi aliyofungulia pasi yake ikiharibika. Hakuligusa kufuli. Alizifuata bawaba, akazungusha skrubu moja baada ya nyingine, na mlango wa sanduku ukabaki unaning'inia kwa kufuli lake kama jino bovu.

"Mheshimiwa atakuua," alisema Mama Barafu.

"Atanikuta."

Chini ya kila mita kulikuwa na swichi. Ile ya mbele aliishika kwa ncha ya kanga, akaivuta chini. Kisahani kikasimama. Na kule nyuma friza mbili zilitetemeka, zikakohoa, zikanyamaza.

"We! Barafu yangu!" Mama Barafu aliachia ndoo. "Umenikatia! Washa!"

Mama Pasi alipandisha. Friza zikanguruma. Akashusha. Zikanyamaza. Mama Barafu alimsogeza mwenzake kwa kiwiko, akaishika swichi mwenyewe, akashusha, akasikiliza, akapandisha, akasikiliza, akashusha tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua ina mtu ndani. Kisha akaangalia yale maandishi ya buluu. MBELE.

"Hii ni yetu," alisema kwa sauti ndogo.

*

Hivyo ndivyo Mheshimiwa alivyowakuta, akiingia na kapu la Dada Mkubwa mkononi na mwenyewe akifuata nyuma, mama mzito wa mwili na wa maneno, ambaye katika ukoo ule akisema kaa watu hukaa.

"Nani amefungua sanduku?"

"Mimi," alisema Mama Pasi.

"Shemeji! Umeme unaua!"

"Umeshaniua siku nyingi, nimezoea. Dada, shikamoo. Sogea hapa uone mwizi."

Akashusha swichi iliyoandikwa MBELE. Nyuma pakanyamaza. Akapandisha. Pakanguruma. Dada Mkubwa, aliyekuwa amelea wadogo zake wote kwa mkono wake, alielewa haraka kuliko walivyotaka. Alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alikohoa.

"Kwa hiyo basi..."

"Hiyo kwa hiyo basi yako iache nje," alisema Mama Pasi. "Ulijua?"

Mheshimiwa aliweka kapu chini. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, na bado hakupata pa kutazama.

"Ni kaka," alisema.

"Kaka gani?"

"Kaka mwenyewe. Marehemu. Kiwanda kilipotuachisha kazi nilikuwa sina mbele wala nyuma, watoto wadogo, friza nimekopeshwa. Akaja na brashi yake. Akafuta MBELE na NYUMA, akaziandika upya kwa kuzipishanisha. Akaniambia, tulia dogo, jipange, ukisimama tutarudisha. Akasema nisikwambie. Alisema ungepiga kelele."

Mama Pasi alizijua zile herufi. Ile M yenye miguu iliyotanuka aliipenda, alikuwa akimtania mumewe kwamba inatembea kama yeye. Na hapo hapo akakumbuka sauti yake, mwanamume yule mpole, amekaa ukingoni mwa kitanda akivua viatu: *Mke wangu, pasi hii itatutoa roho, hebu punguza kidogo.* Naye alipunguza. Miaka nenda miaka rudi aliisogeza meza dirishani ili asiwashe taa. Alinyoosha kola kwa joto la mwisho la pasi iliyochomolewa. Alimpigia pasi mumewe mashati ya kwenda kanisani kwa kuyalalia chini ya godoro. Na yeye akiyavaa, anajua.

"Alikuwa ananiambia nipunguze," alisema. "Anajua kinachokula ni nini, halafu ananitazama machoni ananiambia nipunguze!"

"Alikuwa na moyo mwema," alisema Mheshimiwa.

"Kwa mkono wa nani? Mwema kwa mkono wa nani? Na wewe je, ulisimama lini? Nakuuliza. Ulisimama na friza ya kwanza, au ulingoja ya pili? Tumemzika, umerudi makaburini, umevaa miwani, umekuja hapa ukaniimbia namba mpaka na makombo!"

"Makombo gani?" aliuliza Mheshimiwa, na ikaonekana kwamba kwa kweli hakujua.

"Mnyamaze," alisema Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa alivuta kiti cha Mama Pasi, akakaa, akapumua.

"Meza haitoki. Hilo limekwisha, na wewe," akimwonyesha mdogo wake kidole, "ufunguo huo utaniachia mimi. Maandishi yatafutwa leo. Lakini mwenye kufanya jambo hili hayupo kujitetea. Yalikuwa ya ndugu wawili, kwa nia njema. Mwanangu, tumheshimu marehemu. Tuyafukie."

"Dada, nakuheshimu," alisema Mama Pasi, "lakini sifukii. Marehemu nitamalizana naye mwenyewe, siku yangu ikifika, na ajiandae. Nyie mnasema aliogopa kelele. Ndiyo, ningepiga kelele! Ningepiga kelele wiki nzima, mtaa usilale. Halafu ningekubali. Watoto wa nyumba hii wangelala njaa mimi natazama? Ningekubali, ningesaidia kwa mkono wangu, nikijua kwamba nasaidia. Hakuniuliza. Alinifanya mtu wa kubanwa gizani, kama vile mimi sina utu wa kuombwa. Na huyu akaendelea pale pale. Huko barabarani mnajua ninavyoitwa? Mharibifu. Wateja wangu wamesikia kutoka kwake. Basi kesho atasimama dirishani pale, kila anayekuja kuchukua nguo atamwambia kwa mdomo wake umeme ulikuwa wa nani."

"Shemeji, hilo ni kunidhalilisha."

"Sawasawa. Umelielewa."

Dada Mkubwa alimnyooshea mdogo wake mkono, akapokea ufunguo.

Katika muda wote ule Mama Barafu alikuwa amesimama karibu na sanduku, akitazama kisahani kinavyozunguka. Sasa aligeuka kwa mumewe.

"Baba, hebu niambie. Mimi nina biashara au sina?"

"Mke wangu, haya tusizungumze mbele za watu."

"Watu gani? Mtaji wangu ndio huyo amesimama hapo!" Alimwonyesha Mama Pasi kwa mkono mzima. "Mimi nimetembea mtaa huu kifua mbele. Nimewafundisha wanawake wenzangu kubana matumizi! Kwenye kikundi wananiita mwalimu. Leo asubuhi nimemwambia huyu ameshindwa kubana. Na wewe unanisikiliza, unakula ugali wangu, unacheka!"

Aliingia ndani. Walisikia kifuniko cha friza kikipigwa. Alirudi amekumbatia mafungu ya barafu kifuani, kanga imelowa, akapita katikati yao moja kwa moja mpaka chumba cha mbele, akayabwaga mezani juu ya blanketi. Mawili yalipasuka. Akarudi, akaleta mengine. Mheshimiwa alimshika mkono, mkewe akaunyofoa kwa nguvu, miwani ikamwanguka Mheshimiwa. Maji yalianza kutafuta njia kuelekea kwenye makoti ya madaktari.

"Chukua," alimwambia Mama Pasi, meno yakigongana, haijulikani kwa baridi au kwa hasira. "Ni yako. Ulishailipia. Na zilizobaki kachukue."

Mama Pasi aliyakusanya makoti akayatupia kitini. Alimtazama mwanamke yule aliyetetemeka mbele yake, ambaye asubuhi ile ile yeye Mama Pasi alikuwa amemwita mwizi, naye hakuwa. Hakujisikia huruma. Alitaka sana kumpiga mtu, na wa kupigwa mmoja alikuwa kaburini na mwingine alikuwa anatafuta miwani yake sakafuni.

"Toa barafu yako mezani kwangu," alisema. "Unaniharibia kazi."

"Sitoi."

"Toa, irudishe kwenye friza kabla haijayeyuka. Kesho utaiuza. Na bili ikija utaisoma mwenyewe, nitakuonyesha, uache nyekundu, utoe ya mwezi uliopita. Utajua kama una biashara."

Mama Barafu alipangusa pua kwa kiganja kilicholowa. "Na nikishindwa kulipa?"

"Ukishindwa utakuja kuniambia. Mimi, hapa, kwa mdomo wako." Mama Pasi alinyanyua fungu la kwanza la barafu, akamsukumizia kifuani. "Nitakutukana kwanza. Halafu tutaona."